Mzee wa Korea Aliyefika Kasongo

Mtu akiwaambia kwamba alitafsiri filamu ya Kikorea bila kujua hata neno moja la Kikorea, msikimbilie kumwita mwongo. Muulizeni kwanza kama watu walibaki kwenye mabenchi mpaka mwisho. Mimi watu wangu walibaki. Tena kesho yake walirudi na wakwe zao, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Ninyi vijana wa simu hamkuikuta kazi yangu, au mliikuta ikikata roho. Leo kila mmoja anaangalia filamu yake peke yake, shingo imeinama kama mtu anayetafuta kiroboto kifuani. Sisi hapa Kasongo tuliangalia pamoja. Nyumba ya video ya Mama Zaina, nyuma ya soko, ilikuwa na mabenchi, shuka jeupe ukutani, mablanketi madirishani ili jua la alasiri lisiingie, jenereta uani, na mimi, Amisi, juu ya kistuli kando ya shuka, mikro ya kipaza sauti mkononi. Filamu ilisema Kihindi, Kichina au Kiingereza, na chini yake maandishi ya Kifaransa yalipita. Mimi niliyasoma, nikayasema kwa Kiswahili. Ndiyo ilikuwa kazi, angalau kwa miaka ya mwanzo.

Aliyenifundisha ni Papa Dieudonné, ambaye kabla ya filamu alikuwa akitafsiri mahubiri ya mapadri wageni parokiani. Siku ya kwanza nilimwuliza, "Papa, na maandishi yakipita mbio nisiyashike, nitafanyaje?"

Akaniangalia kwa huruma. "Padri alikuwa anasema saa nzima," akasema. "Mimi niliwapa watu ile wanaweza kubeba mpaka nyumbani. Hakuna mutu alirudi kulalamika. Na Padri alifurahi, sababu watu walicheka."

Kwake nilijifunza mengi ambayo hamtayakuta shuleni. Angalia mikono ya mtu, si mdomo, maana mdomo unadanganya kwa lugha zote. Tajiri azungumze kutoka tumboni, mwizi azungumze puani. Wimbo usiutafsiri, utaaibika. Wakianza kubusiana, kohoa, na uendelee kukohoa mpaka wamalize. Kuna filamu moja ilinikohoza hata mama mmoja wa benchi la mbele akatoka, akaniletea chai ya mchaichai. Na watu wa filamu wape majina ya kwetu, isipokuwa jambazi. Jambazi usimpe jina ambalo kuna familia ya mtaa inalitumia. Ndiyo maana kwa miaka yote majambazi wangu waliitwa Jonsoni.

Makosa nilifanya pia. Mwaka wangu wa kwanza, katika filamu ya Kihindi, niliona kijana na msichana wanataniana mtoni, nikawaambia watu kwamba ni kaka na dada. Baada ya saa moja wakafunga ndoa. Nyumba ilinyamaza, Waislamu kwa Wakristo. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya hakimu, "Amisi, ile kwao iko halali?" Ikabidi nimwingize bibi mmoja aliyekuwa anapita na kapu, nikamfanya aseme kwamba kijana yule aliokotwa sokoni akiwa mchanga. Bibi yule katika filamu alikuwa anauza vitunguu tu.

Sasa nifike kwenye Korea.

Wakati filamu ile inaletwa, mimi nilikuwa na siri. Maandishi ya chini ya shuka yalikuwa yameanza kunipotea. Kwanza yaligeuka mchele, halafu maziwa. Ulikuwa mtoto wa jicho, na baadaye daktari wa macho aliniondolea, leo ninawaona vizuri hata mnaponifanyia nyuso. Lakini wakati ule sikumwambia mtu. Mtafsiri asiyeona maandishi ni kama mpishi asiyesikia chumvi, atafukuzwa na wa nyumbani kwake mwenyewe. Kwa hiyo nilitafsiri picha, kwa kubahatisha, na kwa filamu za ngumi haikuwa shida. Mtu akipigwa, hata kipofu anajua anachosema.

Mfanyabiashara mmoja aliileta filamu ile ya Kikorea kutoka Kindu kwenye flash. Mama Zaina aliona nyuso za watu wa Asia, hakungoja zaidi. Akaandika kwa chaki ubaoni: KARATE YA KOREA, MZEE MUKALI. Saa tisa alasiri nyumba ilijaa, watu wakakaa mpaka sakafuni.

Filamu ikaanza. Mzee mmoja wa Kikorea anaanika soksi. Akamaliza kuanika, akamenya tunda. Wakaja wanawe watatu, wanaume wawili na mwanamke, wakala, wakasema sana, wakaondoka. Mzee akaosha vyombo.

"Ngumi iko wapi?" mtu akauliza.

"Inakuja," nikasema kwenye mikro.

Haikuja. Lakini nikaona jambo. Watoto walikuwa jikoni, vichwa vimekaribiana, wananong'ona, na mzee kwenye meza amewapa mgongo. Mara akaacha kutafuna, akatabasamu peke yake. Tabasamu lile ndilo lililoniokoa. Nikampa jina la Mzee Bakari, nikashusha sauti, nikasema kwa ajili yake: "Wanafikiri mimi niko kiziwi. Wacha wafikiri."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Kuanzia hapo filamu ilikuwa yangu. Kila watoto walipofungua midomo, niliweka maneno. "Huyu mzee atakaa kwangu mpaka lini?" "Iko anakula kama watu wawili." "Tumupeleke kwa dada, yeye iko na nafasi." Kila mzee alipoitikia kwa kichwa, nilimfanya aseme upande, "Endeleeni tu, nasikia." Maneno yale sikuyatoa Korea. Niliyaokota juu ya nyua za mtaa wetu, nikiwa napita kwenda msikitini. Mwisho wa filamu watoto walikusanyika na keki, wote wanalia, mzee analia, nami nikatangaza kwamba wamekamatwa na wanaomba msamaha. Watu walipiga makofi, na wazee walipiga zaidi ya wote.

Baada ya wiki moja masikio ya wazee wa Kasongo yalianza kuziba.

Sitanii. Nyumba iliyokuwa na mzee mmoja ilikuwa na kiziwi mmoja. Ulimsalimia mzee barazani, akakuambia, "Ee, mvua itanyesha." Wake za vijana wakaanza kuzungumza kwa adabu iliyotisha, wakasema "tafadhali" hata kwa kuku. Mazungumzo ya siri yalihamia uani, halafu njiani, halafu kisimani, na kisima kikawa na watu wengi kuliko soko. Familia moja ilifanya kikao cha kugawana zamu za babu mbele ya babu mwenyewe, wakaamua kutumia Kifaransa. Walisahau kwamba babu alisoma kwa mapadri kabla wao hawajazaliwa. Aliwasahihisha kitenzi kimoja, kisha akarudia uziwi wake. Watu wakafurahi, wakasema Amisi ameleta maendeleo. Nami nilivimba kichwa, sifichi.

Kisha akaja Selestini.

Selestini ana duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko. Baba yake, Mzee Kalonda, alikuwa mkulima wa Wamaza, kule Kabambare. Mkewe alipokufa na mguu wake mmoja ulipoanza kumsumbua, Selestini alimleta Kasongo. Siku ya filamu mzee alikaa benchi la mbele, mguu umenyoshwa, na hakucheka sana. Aliangalia kama mtu anayejifunza kazi.

"Papa Amisi, wewe ndio uliharibu baba yangu," Selestini akasema, hata kukaa alikataa. "Siku tisa hajibu mutu. Namuuliza, Baba, umekula? Ananiangalia hivi. Watu wa mtaa wanaita nyumba yangu Korea."

"Labda kweli hasikii," nikasema.

"Jana muke wangu alipiga kelele akianguka na sufuria. Baba aligeuka kabla ya sufuria kufika chini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitaka kusema kitu kingine, akakiacha, akaondoka. Niliona ni haki yake kuteseka kidogo, na nikaendelea na chakula changu.

Siku mbili baadaye alikuja dada yake, Feza. Feza ni mwalimu katika shule moja ya kanisa, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alikuwa na filamu ile kwenye simu yake. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, Papa Amisi," akauliza habari za nyumbani, halafu akanisogezea simu usoni.

"Papa, unisomee hapa chini."

Niliona maziwa. "Mwanangu, Kifaransa cha siku hizi wanakiandika kidogo sana," nikasema.

Akainua mkono mbele yangu. "Vidole ngapi?"

Nikageuza uso. Akaushusha mkono, akakaa.

"Nimesoma filamu yote," akasema pole pole. "Yule mzee hajifanyi. Iko kiziwi kweli, na anaficha. Anaona haya. Watoto hawamusemi mabaya. Wanapanga sikukuu ya miaka yake sabini, wanataka kumutengenezea chumba kwa binti yake. Yeye anaona midomo tu. Hasikii, basi anajaza mwenyewe, anafikiri wanamufukuza. Ndio kichekesho chenyewe."

Mzee wa Korea alikuwa ameona midomo ikicheza, akaweka maneno mabaya ndani yake. Nami nilikuwa nimefanya vilevile, kwa mikro, mbele ya mtaa mzima.

"Baba amefunga mizigo," Feza akaendelea. "Ameita mutu wa pikipiki. Kesho kutwa anarudia Wamaza. Kule nyumba imefungwa tangu mama afe, majani yameingia mpaka mlangoni. Mguu haumufikishi hata msalani. Nani atamuchotea maji?"

"Basi nitakuja kwenu. Nitamwambia nilidanganya."

"Utamwambia na mdomo gani? Yeye si kiziwi? Ataitikia kwa kichwa na atakuambia mvua itanyesha." Akainuka. "Onyesha filamu tena, kesho. Mimi nitasoma, wewe utasema. Pale atakuja. Filamu ile anaipenda kama amecheza yeye."

Usiku wa aibu ni mrefu, lakini sitawachosha nao. Kesho yake, saa tisa, nyumba ilijaa kuliko mara ya kwanza. Selestini na mkewe walikaa nyuma kabisa. Mzee Kalonda aliingia akiegemea fimbo, na mfuko wake wa nguo, uliofungwa tayari kwa safari ya kesho yake, akauweka chini ya benchi la mbele. Alikuwa amekuja kuaga filamu.

Nikashika mikro. Nimezungumza mbele ya watu maisha yangu yote, lakini daima kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Ndugu zangu," nikasema, "siku ile sikusoma. Macho yangu hayaoni tena maandishi, na niliwaficha. Leo Mwalimu Feza atasoma na mimi nitawaambia ile iliyoandikwa."

Nilitegemea kelele. Mtu mmoja tu akajibu: "Anza, Papa, jenereta inakula mafuta."

Tukaanza. Feza alikaa karibu nami kwenye kistuli cha kuazima, akinisomea sikioni, nami nikatoa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilizoea kuongeza chumvi, na kila nilipoongeza Feza alinibana mkono. Watu nao hawakupenda. Watoto wa Korea walipoanza kusema kwamba rangi ya chumba cha baba iwe ya bluu kwa sababu anapenda bluu, benchi la kati likaguna.

"Huyu mzee ameharibika," mmoja akasema. "Wa kwanza alikuwa na akili."

"Na watoto hawa ni wa wapi?" mwingine akauliza. "Watoto kama hawa hawako."

Mama Zaina alinipita akielekea kwenye jenereta, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ukweli hautajaza nyumba hii mara nyingine. Mambo ya biashara aliyajua.

Tukafika mwisho, kwenye keki. Binti wa yule mzee alisogea, akaweka mdomo kwenye sikio la baba yake, akasema kitu. Feza hakunisomea. Nikamgusa kiwiko.

"Anasema nini?"

Feza akanisogelea sikioni. "Anasema, 'Baba, kwa nini hukutuambia?'"

Nikayasema maneno yale kwenye mikro kwa sauti yangu ya kawaida. Picha ikazimika. Mtu akatoa blanketi dirishani, mwanga ukaingia, na Mzee Kalonda akainuka na fimbo yake, akageuka kutuangalia.

"Mimi siko kiziwi," akasema.

Watu wachache sana walishangaa.

"Nilisikia yote. Nilisikia muke wa Selestini akisema nakula kama watu wawili. Ni kweli, nakula. Nilisikia Selestini akisema amechoka na mimi, niende kwa Feza. Na nilisikia Feza akimujibu, kwangu hapana, kwangu ni padogo."

Hilo la mwisho Feza hakuwa ameniambia. Hapa hapakuwa na Korea, wala makosa ya macho yangu. Maneno yalisemwa, kwa Kiswahili safi, na yalisikiwa sawasawa na yalivyosemwa.

Selestini alikuja mbele, akapita katikati ya mabenchi, mikono ina mafuta ya minyororo bado. Nilidhani atakana. Mimi ningekana.

"Nilisema, Baba," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

"Mimi pia nilisema," Feza akasema kutoka kwenye kistuli. "Niliogopa."

Mzee alikaa, mguu ulikuwa unamuuma. Akamgeukia Selestini.

"Wewe ulipopata surua," akamwambia, "ulilia siku kumi na mbili, muchana na usiku. Mimi nilikuwa na shamba la mpunga, ndege wanamaliza. Nikamuambia mama yako, huyu mutoto atatuua, tumupeleke Lusangi kwa bibi yake, akae kule, apone au asipone. Nilisema hivyo. Na mabaya zaidi ya hivyo. Mama yako alinyamaza." Akapangusa uso kwa kiganja. "Wewe ulikuwa kadogo, hukusikia. Na hatukukupeleka."

Nje jenereta iliendelea kunguruma, mpaka Mama Zaina akakumbuka kuizima.

"Wamaza nitaenda," mzee akasema. "Nataka kuona kaburi ya mama yenu na nataka kuona majani yamefika wapi. Lakini sitaki kupelekwa na mutu wa pikipiki. Nipelekeni ninyi."

Wakampeleka. Selestini alifunga duka wiki mbili, jambo ambalo hakulifanya hata kwa harusi yake. Alifyeka majani, akaezeka upande mmoja wa paa, na alirudi na mzee, kwa sababu mzee aliona mwenyewe kwamba maji yako mbali. Leo Mzee Kalonda anakaa kwa Selestini wakati wa mvua na kwa Feza wakati wa kiangazi, mahali ambapo kweli ni padogo. Anakula kama watu wawili. Mke wa Selestini bado anasema hivyo, ila sasa anamwambia usoni, na mzee anamwomba amwongezee sombe ya majani ya muhogo. Kuhusu wazee wengine wa Kasongo, walipona masikio mmoja mmoja. Wachache wamekataa kupona, na sidhani ni kosa langu tena.

Siku ile ya kutafsiri na Feza ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho kwenye kistuli. Nilimrudishia Mama Zaina mikro, nikaenda nyumbani kabla jua halijazama. Binti yangu Mwajuma alikuwa uani anamenya muhogo. Nilikaa karibu naye, nikazunguka maneno kama mtu anayekuja kuposa, mwisho nikamwambia, "Mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri."

Hakuacha kumenya. "Tunajua, Baba."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ulimusalimia mbuzi ya jirani, ukamuuliza habari ya watoto."

Hapo ulikuwa umepita zaidi ya mwaka. Nikauliza kwa nini hawakusema, akasema waliogopa nitafikiri wanataka niache kazi, kwa hiyo walikubaliana wao kwa wao kunyamaza. Walihamisha jiwe la kunolea visu lililokuwa njiani. Na kila asubuhi, badala ya kuweka kikombe cha chai mezani, walinifungua kiganja, wakakiweka ndani kwa mikono miwili. Mwaka mzima, vijana, nilikunywa chai ile nikidhani kwamba wanangu hatimaye wameanza kuwa na heshima.